Mstari wa Katikati

4 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika Jumamosi. Sikungoja kufika nyumbani, niliisoma pale pale kwenye ngazi za posta, nikakaa bila kutazama, kumbe nimekalia mfuko wa nyanya wa mtu. Amenisema mpaka basi. Nimeomba radhi, nikahamia ngazi ya pili, nikairudia barua toka mwanzo.

Unasema daktari amekuambia macho hayarudi. La kushoto limeshakwenda, la kulia linalifuata, na miwani haina kazi. Umeyaandika kama mtu anayesema jana kulikuwa na mawingu. Mimi huku nimetetemeka hadi shangazi yako akanikorogea maji ya sukari. Nimemwambia una mafua makali. Akasema, "Mafua ya mtoto ndiyo yanakufanya utetemeke hivyo? Akipata kikohozi si utazimia."

Na unasema huko chuo cha muziki hawajui, na wasijue, maana wakijua huwezi kusoma noti watakurudisha nyumbani hata kabla ya mtihani wa Juni, na mtihani huo ndio unaoamua nani anabaki na nani anafunga sanduku. Haya. Nimefunga mdomo.

Sasa nisikilize. Umeandika kwamba herufi kubwa nyeusi, za ukubwa wa kiganja, bado unaziona ukizileta puani. Ila vidoto vya noti vimekuwa kama sisimizi waliomwagika. Basi nitumie hizo karatasi. Nifundishe kila kidoto kinaitwaje, nami nitakuandikia majina yake kwa kalamu ile nene ya kuandikia maboksi, moja moja, mpaka mwisho. Najua utacheka. Mama aliyeishia darasa la nne! Lakini mimi huyu nasoma ramani za mashati miaka kumi na tisa, kola na mikono na mifuko, na sijawahi kushona mkono wa kushoto upande wa kulia. Mistari mitano ndiyo inishinde?

Usiniandikie kwamba haiwezekani. Una nani mwingine?

Mama yako

12 Machi

Mama,

Nimecheka kweli. Halafu nikalia. Dada Msusi, huyu ninayepanga chumba kwake, akachungulia akauliza, "Unacheka au unalia?" Nikamwambia achague.

Nimekutumia kurasa zote nne. Ndiyo nakala pekee niliyonayo, kuomba nyingine ni kujichongea. Kipande ni kipya, amekitunga mkuu wa chuo mwenyewe kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyewahi kukisikia, na kila mwanafunzi anajiandaa peke yake, hakuna mwalimu wala kusikilizana. Kwa hiyo siwezi kukinasa kwa sikio kama ninavyofanya siku hizi darasani.

Somo lenyewe hili hapa. Mistari ni mitano, ihesabu kutoka chini. Mwanzoni, mkono wa kushoto, kuna alama inaitwa ufunguo. Hiyo ndiyo inayosema mistari inaitwaje. Ufunguo wa fiola yangu, huyu dada mkubwa wa fidla, umekaa kama herufi B yenye mgongo mnene, na kiuno chake kimeubana mstari wa katikati. Mstari huo ni do. Basi mistari kutoka chini ni fa, la, do, mi, sol. Na nafasi zilizo katikati yake ni sol, si, re, fa. Kidoto kikitoka nje ya mistari, juu au chini, endelea tu kupanda au kushuka ngazi: do, re, mi, fa, sol, la, si, halafu do tena.

Panapopanda niwekee mshale wa juu, panaposhuka mshale wa chini. Kidoto cheupe ni kirefu, kipigie mistari miwili chini yake. Cheusi mmoja. Chenye mkia usikipigie kitu.

Nimeandika barua hii kwa siku tatu. Usimwambie mtu, Mama.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Usinikaripie. Nimemwambia mtu mmoja tu, tena nusu nusu. Unamkumbuka Mzee wa Bendi, yule wa nyumba ya nne, aliyepiga fidla bendi ya polisi miaka thelathini na moja na hakuna siku asiyoitaja hiyo thelathini na moja? Nilikaa na karatasi zako siku mbili, nikaona vidoto vinaanza kutembea na mimi pia, nikasema nikikosea je? Nikaenda. Habari za macho sikumgusia. Nilisema nataka kujifunza noti, basi.

"Kwa umri huo?" akaniuliza.

"Kwani noti zina umri?"

"Hazina. Wewe ndiye unao."

Lakini amenifundisha, hakunifukuza. Tunakaa kwenye kibaraza chake nikitoka kazini, mkewe anatuletea chai na kutucheka. Fidla yake imebaki na nyuzi mbili. Ananionyesha kidoto, mimi nasema jina, nikikosea anagonga meza kwa upinde. Mwanzo aligonga mpaka mkewe akasema nunua meza nyingine kabisa. Siku hizi hagongi sana.

Kuna jambo nilitaka kukuuliza la mstari wa katikati, lakini basi, tumeshamalizana mimi na Mzee. Wewe pumzisha macho.

Ukurasa wa kwanza huu hapa, umetoka karatasi ishirini na tatu za herufi kubwa. Nimezipa namba nyuma. Nimeziandikia sakafuni kwa magoti, goti la kulia linalalamika, wacha lilalamike. Niambie kama unaziona.

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Naziona. Nazibandika ukutani, naweka pua, nasoma karatasi moja, narudi kitandani kwenye fiola, napiga, naenda kwenye nyingine. Nilikuwa sijapiga kitu kipya tangu Desemba. Nilikuwa nimesahau ilivyo.

Ila nataka kukuuliza, na usikasirike. Una uhakika? Kipande hiki kina tabia ya ajabu. Kinakwenda vizuri, kinapanda, kinageuka, halafu kila kinapotaka kutua hakitui. Kinaishia kwenye noti ya si, kama mtu aliyekatizwa maneno. Mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Nimerudia mara kumi. Ni si, umeiandika wazi kabisa. Labda ndivyo mkuu alivyotaka, kazi zake nyingine nazo zina ukali fulani. Naanza hata kukizoea.

Lakini kama kuna mahali ulibahatisha, niambie tu. Sitasema kitu.

Mwandiko wangu umekuwa mkubwa, najua. Ndiyo ninavyouona.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Uhakika ninao. Nimehakiki kila kidoto mara tatu, mara mbili peke yangu na mara moja na Mzee, na hakuna nilipobahatisha hata mahali pamoja. Ile si ni si. Mzee ameipiga mwenyewe kwa zile nyuzi zake mbili, akasema mtunzi huyu ni mtu mwenye majonzi. Nikasema basi ndiyo hivyo, watu wana mambo yao.

Kazini nimechekwa. Niliandika kwa chaki kwenye kitambaa, la, sol, fa, bila kujua, pale palipotakiwa namba za saizi. Msimamizi, huyu tunayemwita Mkasi, akanyanyua sare juu watu wote waone, akauliza, "Fundi, huyu mwanafunzi Lasolfa anasoma shule gani?" Sasa ndilo jina langu. Lasolfa, leta nyuzi. Lasolfa, taa inawaka bure. Mimi nacheka nao. Wangejua nafanya nini.

Ukurasa wa pili huu. Wa tatu nimefika nusu.

Usiwe na wasiwasi na mimi, mwanangu. Safari hii najua ninachofanya.

Mama yako

22 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi ni Dada Msusi, naandika anavyonitamkia. Usishtuke, mwenyewe yuko hapa pembeni yangu, mzima, amekunja uso kwa sababu nimeanza na maneno yangu.

Sasa ni yeye anasema:

Mama, tangu wiki iliyopita herufi nazo siziwezi. Naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita. Dada ananisomea karatasi zako akiwa anasuka watu. Yeye anasoma, "Mi, mshale juu, sol, sol," mimi napiga nyuma ya pazia. Wateja wameshashika ukurasa wote wa tatu, kuna mama mmoja anauimba mwanzo mwisho na kichwa kimeinamishwa.

Kurasa tatu ninazo kichwani. Darasani bado hawajajua. Nahesabu hatua, najua kiti changu, naweka karatasi yoyote mbele na kugeuza ukurasa wenzangu wanapogeuza. Mwalimu wangu alisema juzi upinde wangu umetulia kuliko mwaka jana.

Nitumie wa nne. Na siku ya mtihani lazima niwe na zile kurasa zenyewe mbele yangu, kwa hiyo zirudishe.

Amemaliza. Mimi naongeza langu: anakula vizuri, lakini anajigonga sana kwenye sinki.

5 Juni

Mwanangu, na wewe Dada Msusi unayemsomea, nakushukuru sana, na naomba uzungushie hiyo sinki matambara.

Ukurasa wa nne huu, na kurasa zenyewe nne nimezirudisha, nimezipiga pasi ya mbali zisiwe na mikunjo. Nimemaliza. Nilipoandika noti ya mwisho nilikaa sakafuni nikaangalia mikono, ina wino mpaka kwenye kiwiko.

Tarehe ishirini na tano, siku ya mtihani wako, nitakuwa kwenye cherehani lakini moyo utakuwa huko kwako. Uvae sweta la kijivu, lina vishikizo vikubwa, hutapata shida.

Mama yako

28 Juni

Mama,

Shikamoo. Ni Dada Msusi tena. Ameniambia niandike neno kwa neno na nisipunguze makali.

Mama, mstari wa katikati ni do.

Niliingia, nikahesabu hatua saba mpaka kwenye kiti, nikaweka zile kurasa nne za chuo mbele yangu, nikaanza. Walikuwa watu watano mezani, nilisikia viti vyao. Nilipiga ukurasa wote wa kwanza. Nilipiga vizuri, Mama, sijawahi kupiga vile. Kwenye ukurasa wa pili mkuu alinikatiza. Akauliza napiga nini. Nikataja jina la kipande chake. Mmoja alicheka, nadhani alidhani ni utani.

Mkuu akasema kila noti niliyopiga iko ngazi moja chini ya ilipotakiwa kuwa. Yote, kuanzia ya kwanza. Akasema hata mtoto wa mwaka wa kwanza hasomi ufunguo wa fiola kama ufunguo wa fidla. Nikasema naomba nianze upya. Akasema sawa, anzia hapa, akaweka kidole kwenye karatasi.

Sikukiona kidole.

Alingoja. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Binti, unaona?" Basi ikawa imekwisha. Walikuwa wapole sana. Wamenipa mpaka mwisho wa Julai kurudisha fiola, maana ni ya chuo.

Nilikuambia, Mama. Niliandika kwa mkono wangu kwamba mstari wa katikati ni do. Nataka kujua ilikuwaje.

8 Julai

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nakueleza kama ilivyokuwa, sijipambi.

Siku ya kwanza kwa Mzee nilimwonyesha ukurasa, nikamwambia mstari wa katikati ni do. Akasema nani kakudanganya, mstari wa katikati ni si. Mistari ni mi, sol, si, re, fa, ameisoma hivyo miaka thelathini na moja. Nikamwonyesha ile alama yenye umbo la B, nikasema ufunguo huu mbona si kama wa kwako. Akasema kila mchapaji ana mapambo yake. Nikasema lakini binti yangu, yuko chuoni, ndiye aliyeniandikia do. Akacheka. Akasema, "Basi binti yako amekosea kuhesabu. Kwani haoni?"

Alisema kwa utani. Hakujua kitu. Lakini neno lile lilinichoma, mwanangu. Nilienda nyumbani nikaichukua barua yako, nikaangalia mwandiko unavyopanda na kushuka, nikasema masikini, kumbe imeshafika huku. Mtoto anahesabu mistari na haioni, anadhani ni wa tatu kumbe ni mwingine. Nikaona nikikuuliza nitakuumiza. Utajua kwamba hata hilo limekushinda. Nikasema nitalirekebisha kimya kimya, wala hatajua.

Ulipouliza kama nina uhakika, nilikuwa nao. Wallahi nilikuwa nao.

Nimeenda kwa Mzee. Nilimkuta kibarazani, nikamweleza yote, mpaka ya macho. Hajasema thelathini na moja. Ameingia ndani, mkewe anasema siku tatu hajatoka. Sikwenda kumlaumu. Wewe ndiye uliyeniambia, na mimi ndiye niliyechagua.

Niambie nifanye nini. Niende kwa huyo mkuu? Nipige magoti? Nitaeleza kwamba kosa ni langu. Akikusikiliza ukipiga zilivyo kweli, hata mara moja tu?

Mama yako

19 Julai

Mama,

Mimi Dada Msusi. Haya ni yake.

Usiende kwa mkuu. Hawakunitoa kwa sababu ya noti, wamenitoa kwa sababu ya macho. Noti zingekuwa sahihi ningemaliza kurasa nne, wangenipigia makofi, ningerudi kitini kwangu, na labda ningepata mwaka mmoja. Mwaka mmoja nilikuwa nautaka. Lakini usiende.

Nimesikia ulivyoeleza. Dada amenisomea mara mbili. Nakuamini kila neno.

Ila nikuambie jambo moja, halafu sitalirudia. Mstari wa katikati siujui kwa macho. Naujua tangu nina miaka tisa, naujua kama ninavyojua mlango wa nyumba yetu uko upande gani. Hata ningekuwa kipofu kabisa siku ile, ungebaki do. Na sikuwa kipofu. Mwezi wa Machi nilikuwa bado naiona mistari yote mitano, nikisogeza karatasi dirishani.

Mwalimu aliniamini. Wenzangu waliniamini. Mkuu mwenyewe aliniamini mpaka kwenye ukurasa wa pili. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuniona sioni.

Fiola nimeirudisha jana. Dada alinishika mkono mpaka getini.

Sitaki kurudi nyumbani kwa sasa. Usinitumie kitu.

30 Julai

Mwanangu,

Nakuja Jumatano na gari la asubuhi. Mkasi hakunipa ruhusa, nimemwambia basi aajiri mwingine, aliendelea kukata.

Sikuji kukuchukua. Sina maneno ya kukushawishi, na ningekuwa nayo nisingeyaamini. Ulilosema ni kweli, nimeligeuza kila upande na ni kweli. Nikifika nitagonga. Usipotaka kufungua usifungue, nitakaa kwenye ngazi mpaka gari la kurudi, na sitapiga kelele kuwaaibisha mbele ya wateja.

Dada Msusi, mwanangu, ukifika hapa tulia umuulize kama uendelee. Akisema acha, acha hapo hapo, ukunje karatasi. Usimsihi kwa ajili yangu.

Kama bado anasikiliza, kuna kitu sikukisema kwenye barua iliyopita.

Miezi ile mitatu nilikuwa na furaha. Wewe ulikuwa unapoteza macho yako huko, siku kwa siku, na mimi huku nilikuwa na furaha. Tangu ulipopewa fiola hakukuwa na kitu ninachoweza kukusaidia. Nilikuwa nasikiliza mlangoni, nasema umepiga vizuri, wala sijui nimesema nini. Halafu ghafla hukuweza kitu bila mimi. Nilikuwa napanga kalamu zangu kama mwalimu. Kabla ya kulala naomba Mungu akurudishie macho, na asubuhi nakimbilia karatasi zangu, na sikuona kwamba hayo mawili hayakai pamoja. Labda ndiyo sababu sikukuuliza. Ningekuuliza ungenijibu, na ningekuwa tena mtu asiyejua kitu.

Nilikuwa nakwenda kazini naimba majina yale kwa sauti barabarani. Hakuna hata moja lililokuwa sahihi, na nilikuwa naimba.

Mama yako